Pembezoni mwa Kitabu

Mimi ninasaga mahindi Pasua,
mwaka wa kumi na tisa huu.
Unga umekaa kwenye kope zangu kama mgeni asiyejua kuaga.
Kwa hiyo siku mkanda wangu ulipoishiwa matundu
nikatangaza nyumbani: sili tena nafaka,
wala maharage, wala maziwa, wala sukari,
nitakula kama watu waliolitangulia jembe,
Aikande aliangalia kiroba cha sembe,
akaniangalia mimi,
akaendelea kuchambua mnafu.
"Haya," akasema. "Niandikie, nipike nini?"

Sikuwa na la kuandika.

Duka la karibu na mnara wa saa walikuwa na keki:
keki za harusi, keki za kipaimara,
keki za kuaga wastaafu,
vitabu vitatu vya keki na kimoja cha kufuga kuku.
Kwa masista nikapewa cha uji wa lishe
na baraka.

Memorial, kati ya rundo la sidiria
na viatu visivyo na wenzao,
Kalisti akachomoa kitabu kizito kilichochanika mgongo.
Nyama, mayai, majani, mizizi. Chenyewe.
"Hakiuzwi," akasema. "Kinakodishwa. Buku kwa wiki."
Buku kwa kitabu. Nikalipa.

Usiku nikakisoma kwa kamusi ya mwanangu.
Ukurasa wa kwanza ulitaka samaki wa mto wa barafu.
Wa pili, tunda dogo la buluu
la msitu nisioujua.
Wa tatu ulitaka unga wa lozi.
Unga! Hata huku umenifuata!

Nilikuwa nakifunga nilipoona kalamu.

Pembezoni, wino mwekundu, mwandiko wa mwalimu:
"Weka sato. Ukikosa, perege wa Nyumba ya Mungu."
Chini yake, penseli:
"Perege ana miiba. Nina watoto."
Penye lile tunda: "Zambarau, zikiwepo.
Zisipokuwepo, samehe."
Penye mizizi: "Magimbi. Chemsha, mwaga maji, chemsha tena,
la sivyo koo litakuwasha hadi Jumapili."
Na penye supu ya mifupa, ugomvi mtupu:

"Ndizi je?"
"Ndizi si nafaka."
"Ndizi ni wanga."
"Aliyeandika kitabu hiki hajafika Kibosho."
"Mtori una nyama. Nyama wamekubali. Basi."

Basi. Nikaipika ile supu,
nikatumbukiza mshare nne nikitazama mlango,
kana kwamba yule mwandishi
angetokea kuja kuonja.
Aikande hakusifu. Alirudia bakuli.

Kabla ya kukirudisha nami nikatia mkono wangu,
penye mkate wa mayai na lozi, kwa bluu:
"Achana na mkate. Parachichi, chumvi, ndimu.
Lishike mkononi, lile kwa kijiko."
Nilijisikia kama mtu aliyepanda mti kwenye shamba la umma.

Mwezi ukapita. Nikakikodi tena,
nikafungua pale pale kwenye mashine, nimesimama.
Penseli ilikuwa imenijibu:

"Parachichi sawa.
Lakini wewe unayeacha vidole vya unga kila ukurasa,
unamdanganya nani?"

Nilicheka mpaka nikasahau mkanda unazunguka mtupu.
Nje kuna foleni ya ndoo, madebe, mifuko ya rambo,
ugali wa nyumba thelathini
unasubiri kupita mikononi mwangu.
Nikajifuta kwenye suruali.
Suruali nayo ndiyo hiyo hiyo.
Nikaandika chini ya penseli:

"Ninasaga. Sili."

Mwenye ndoo ya kwanza akagonga dirisha.
Nikasita, kwa sababu katika kitabu kile
hakuna aliyewahi kumwongopea mwenzake,
nikaongeza, kwa herufi ndogo:

"Jumapili tu."